Mikono Minne ya Mageni

Mageni alijifunza kupiga drams katika kwaya ya kanisa la kwao Didia, na ndiko alikompata Limi, aliyekuwa akipiga tari kwenye kwaya hiyohiyo. Watu wa Didia walikuwa wakitania kwamba hao wawili walioana kwenye mdundo kabla mchungaji hajawafungisha ndoa.

Kazi ya Katoro, mji wa wachimba dhahabu mkoani Geita, waliipata pamoja. Donatus, mwenye ukumbi, alitaka bendi ya kuwachezesha wachimbaji, na mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake, limetema dhahabu hataki muziki mwembamba. Mageni alikaa kwenye drams. Limi alisimama kushoto kwake na tari, manyanga na kengele ya ng'ombe, akibadilisha kadiri wimbo ulivyotaka. Kulikuwa pia na mpiga tumba, mtu mmoja mpole kutoka Chato. Donatus aliwapa mke na mume chumba ndani ya uzio wa ukumbi, nyuma ya jiko la nyama choma. Chumba kilikwenda na kazi. Aliyeacha kazi aliacha na kitanda.

Limi aliposhika mimba, miguu ilianza kuvimba. Hakulalamika, lakini Mageni alimwona akiegemea spika katikati ya wimbo, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mguu ule. Ndipo akawaza kwamba kama Limi hawezi kusimama, basi vyombo vyake vihamie kwenye drams.

Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akachongewa vibano vya chuma. Kengele aliifunga kwenye ukingo wa besi. Mara ya kwanza aliiweka juu mno. Kila alipoipiga bega lilipanda, na kabla wimbo haujaisha bega lilikuwa linawaka moto. Akaishusha na kuilaza mpaka fimbo ikawa inaiangukia yenyewe. Tari aliivisha kwenye chuma kilichobeba sahani mbili za shaba zinazogonganishwa kwa mguu wa kushoto, ili mguu ukikanyaga vyote vilie pamoja. Manyanga ndiyo yaliyomsumbua. Alipoyafunga kwenye stendi, kila pigo la besi liliyatikisa, yakalia bila kuitwa. Akakata vipande vya tyubu ya baiskeli, akavizungushia pale chuma kinapokutana na chuma, yakatulia. Kisha akayaunganisha na pedali ndogo chini ya kisigino cha kushoto.

Limi alikaa kwenye kreti ya soda, akasikiliza.

“Manyanga yanachelewa,” alisema. “Mimi huwa nayatanguliza kidogo, kama mtu anayekimbilia mlango.”

Wiki nzima alimfundisha hivyo, akimwonyesha kwa kupiga goti lake mwenyewe. Wote wawili walifurahi. Mageni alijiona mume aliyempunguzia mke mzigo, na Limi aliona hivyohivyo.

Donatus naye alifurahi. Alimwambia Limi apumzike mpaka ajifungue, akawapelekea na godoro jipya. Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Wema. Alipoanza kukaa mwenyewe, Limi akamfunga mgongoni na kwenda kwa Donatus kumwambia yuko tayari kurudi.

“Mama Wema, lea mtoto,” Donatus alimjibu kwa upole. “Mume wako siku hizi ana mikono minne.”

Mwezi uliofuata mpiga tumba aliambiwa arudi kwao Chato. Tumba zake zilibaki, na Mageni akaagizwa azifunge kulia kwake. Alizifunga. Alifikiria kukataa, akafikiria chumba, akafikiria mtoto. Tangu hapo akikaa kwenye kiti kile alizungukwa na vyuma pande zote, na kutoka ilibidi avuke tumba kwa kuinua mguu mmoja kama mtu anayetoka kwenye boma la ng'ombe.

Akiwa na homa alipiga. Kidole kilipopasuka alikifunga kitambaa akapiga. Donatus aliwahi kumleta kijana kutoka Geita ajaribu kushika nafasi yake siku moja tu, lakini vyombo vile vilikuwa vimepimwa kwa mikono ya Mageni, kwa urefu wa mguu wake na ulegevu wa bega lake. Kijana aligongana na kengele, akakosa pedali, akaondoka kwa aibu.

Kisha baba yake Mageni akafariki. Habari zilifika Ijumaa, mazishi Jumamosi. Na Jumamosi hiyo kundi la wachimbaji lilikuwa limekodi ukumbi mzima kwa sherehe. Donatus alikuja mwenyewe chumbani kutoa pole. Alitoa rambirambi, akatoa gari la kumpeleka Limi na mtoto. Mageni alipomwomba naye aende, Donatus akasema, “Nitajie mtu wa kukaa pale, uende hata sasa hivi.”

Jumamosi Mageni alivuka tumba, akakaa kwenye kiti chake.

Alipiga mpaka mwisho. Wachimbaji walimtunza, wengine walimbandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Jumatatu, siku ambayo ukumbi hufungwa, alikwenda Didia, akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Mama yake alimpokea, akaitikia shikamoo yake, akasema taratibu, “Ng'wanawane, mwanangu, kaka zako walikuulizia.” Mageni alipanda basi jioni hiyohiyo.

Kesho yake Limi alirudi kutoka msibani, akamkuta akipaka grisi ile pedali ya manyanga.

“Najua ulitaka kunisaidia,” alisema. “Lakini aliyeniondoa pale ni wewe, Baba Wema. Donatus alikuta nafasi imeshajazwa.”

Jumapili iliyofuata Mageni alifungua vibano vyote. Aliviweka sakafuni, akaanza bonanza la mchana kwa drams tupu. Watu walicheza kidogo, wakarudi mezani. Limi aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni akaingia, akaokota manyanga na kuyatanguliza vile alivyojua yeye. Meza zikaachwa wazi. Wema alilala palepale mgongoni. Mageni hakukumbuka mara ya mwisho mikono yake ilipokuwa myepesi namna ile.

Donatus alisubiri wimbo uishe, akapiga makofi kama wengine. Kisha akamsogelea Mageni na kumnong'oneza, “Nzuri sana. Lakini chuma hakinyonyeshi, wala hakiombi ruhusa. Kabla ya jioni virudishe.”

Alivirudisha. Limi alimshikia tochi ya simu ili aone skrubu.

Limi aliondoka na Wema mvua zilipoanza. Hawakugombana. Shangazi yake anakaa Kambarage, Shinyanga mjini, na huko kuna kikundi cha kupiga kwenye harusi kilichokuwa kikitafuta mtu wa tari. Sasa Jumatatu Mageni hupanda basi la alfajiri kwenda Shinyanga, hukaa kwenye benchi uani kwa shangazi, Wema mapajani, na kusikiliza mazoezi. Mpiga drams wao ni kijana wa kawaida, mwenye ngoma chache tu mbele yake.

Siku moja alimuuliza Limi kama kikundi kingeweza kumchukua na yeye. Limi aliinamisha kichwa, akamfuta mtoto pua.

“Niliwauliza,” alisema. “Wanasema wanaye tayari.”

Mageni alimsaidia kubeba spika ndani, akambusu mtoto, akaenda stendi kabla basi la Geita halijajaa.