Mama Sentensi na Mjukuu Asiyejibu

Saa tatu asubuhi Mama Sentensi anafunga dirisha, anatundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za korido, kisha anakaa mbele ya kipaza sauti. Kwenye skrini kuna maneno ya Kiingereza ya kumwambia mgeni asiwe na haraka.

Anayatazama weee, kisha anayaweka kwa Kihispania: "Sin prisa." Kimya. Vidole vinahesabu gotini, moja mpaka nne. "Sin prisa," anarudia, polepole zaidi.

"Hizo sekunde nne ni za mwanafunzi," anaeleza. "Naye huko aliko anatamka. Mimi simsikii. Sijawahi kumsikia hata mmoja."

Anatafsiri na kurekodi sentensi hamsini kwa siku, na huu ni mwaka wa tano: salamu, kuomba maji, kulalamikia shuka chafu, kuagana. Kampuni inayouza masomo ya lugha kwenye simu inamlipa kiasi cha kutosha kodi ya chumba na chakula. Dawa za presha ni juu ya binti yake.

Jina alipewa na jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani. "Asubuhi nzima nasikia mtu anaongea," fundi anacheka. "Namuuliza, ulikuwa na wageni? Ananiambia, wageni gani, nilikuwa naagana. Na mlango wenyewe haujafunguliwa tangu jana!"

Kihispania alikiokota kwenye jiko la watu, alikolea mapacha wa familia ya kigeni kwa miaka kumi na mmoja. Familia ikarudi kwao. Mume alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti, mtoto wake wa pekee, alikwenda kusomea uuguzi nchi inayozungumza Kihispania, akaolewa hukohuko. Ana msichana wa miaka mitano, na Kihispania ndiyo lugha pekee mtoto huyo anayoijua.

"Nilijidai, usiniambie!" anasema Mama Sentensi. "Mabibi wenzangu wanapungiana mikono tu na wajukuu wa ng'ambo. Mimi lugha ya mtoto ninayo mdomoni."

Lakini kila Jumapili, wakipigiana simu ya video, mtoto alitazama skrini, akaondoka zake. Mwezi uliopita binti akapasua jipu.

"Mama, usinune. Anasema wewe si mtu, wewe ni somo."

"Somo?"

"Unamuuliza, unanyamaza, halafu unamuuliza vilevile. Hata kama ameshakujibu."

Mama Sentensi anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga. "Mtoto anaulizwa amelala vipi, anasema ameota mbwa, anaulizwa tena amelala vipi. Nani angebaki hapo?"

Baada ya miezi miwili mjukuu anakuja kwa mara ya kwanza, wiki mbili tu. Nauli ya safari nyingine haijulikani itapatikana lini. Bibi anaogopa mtoto atamwangalia kama televisheni iliyosahauliwa kuzimwa.

Ndiyo maana sasa kila alasiri fundi anabeba kiti na ushonaji wake, anahamia kwake kumfundisha mazungumzo.

"Shoga, mteja kaleta mita mbili, anataka gauni la mita nne."

Kimya. Vidole vya Mama Sentensi vinaanza kuhesabu. Fundi anavipiga kofi.

"Acha hesabu zako! Nimesema nini?"

"Kitambaa hakitoshi."

"Sasa?"

"Sasa… mwambie amlete mdogo wake mwembamba, avae yeye."

Fundi anacheka mpaka sindano inamponyoka. Mama Sentensi anashtuka kidogo, kama mtu aliyesikia hodi, kisha naye anacheka.

Ameshamwambia binti: uwanja wa ndege mtoto asilazimishwe kusalimia. Yeye mwenyewe hana sentensi aliyoiandaa.

"Nitangoja aanze yeye," anasema. "Hata akiniuliza choo kiko wapi, sitamwelekeza. Nitainuka, nimshike mkono, twende."