Mdomo wa Kuazima

Mpiga chapa wa duka la picha pale kona walimwita Bi Vidole. Aliweza kuandika barua ya mtu huku akimtazama usoni na kumuuliza hali za wagonjwa wa nyumbani, na barua ikatoka haina kosa. Mimi nilikuwa nakaa sana kwenye benchi la duka lile, nasubiri makaratasi yasiyo na haraka yoyote, maana pana feni.

Kila Ijumaa asubuhi alifuta picha za wateja, kwa kuwa watu hawapendi sura zao zibaki dukani. Wala hakuzipeleka kwenye kile kikapu cha taka cha kompyuta, ambamo kitu huokotwa tena. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja zikapotea moja kwa moja. Vidole vilishazoea, havikumngoja mwenyewe.

Ijumaa moja vikafuta na picha za binti wa mdogo wake.

Mtoto huyo wa miaka sita, mapengo mawili mbele, alikuwa amezikwa wiki ile ile. Jumamosi iliyotangulia, kabla hajaugua, alikuja dukani kumwona mama yake mkubwa, akapandishwa kwenye stuli, akapigwa picha za mchezo. Mama mtu hakuwahi kuziona. Simu yake ya kitochi tu, picha nyingine hana. Alikuwa ameahidiwa angalau moja ya kuweka ukutani.

Bi Vidole akampigia fundi.

"Mama, zima mashine," fundi akasema. "Picha bado zimo, ila mashine inahesabu nafasi yake ni tupu. Ukipiga mpya, inaweza kukaa pale pale juu yake. Nakuja kesho."

Bosi alikuwa mtu wa mzaha. Alicheka kwanza.

"Nizime? Na hawa?" Mlangoni wanafunzi walijipanga foleni kwa picha za vitambulisho. "Bi Vidole, marehemu hana haraka. Piga, au nyanyuka akae mwingine."

Nimelifikiria hilo mara nyingi, hata nikiwa naoga. Angenyanyuka, angekaa mwingine na picha zingepigwa tu. Basi akapiga.

"Kidevu juu, mwanangu. Usicheke."

Kila kamera ilipolia alijua huenda kuna kitu kimekaliwa: sikio, gauni, goti. Nyuma yake bosi anaita, "Mwingine! Haya, mwingine!"

Kesho yake fundi akachomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akakaa nayo hadi adhuhuri. Ikapatikana picha moja. Paji, nyusi, macho yanayocheka. Kuanzia puani kwenda chini, kijivu kitupu kama ukuta wa saruji.

"Nilikwambia uzime," fundi akasema, akairudisha diski mahali pake, akafunga mkoba wake.

Bosi akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Macho si yapo? Mbandikie mdomo. Tangu jana una midomo shule nzima humo! Chagua unaocheka, picha ya ukutani lazima icheke."

"Bosi, mama yake atajua."

"Yule macho yamejaa machozi, ataona wapi?"

Alijaribu midomo iliyofungwa, haikukubali chini ya macho yale. Uliokubali ulikuwa mmoja, wa mtoto aliyecheka baada ya kuambiwa asicheke. Meno yote kamili. Akaanza kuyapaka weusi yale mawili ya mbele.

"We! Unamtia mtoto mapengo?" bosi akafoka. "Futa!"

Akafuta.

Jioni mdogo wake akaja. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaibusu mdomoni. "Dada, umenirudishia mwanangu." Kisha akaisogeza karibu na taa.

"Dada, meno yalikuwa yameota?"

"Watoto wanakua haraka, mama!" bosi akadakia.

Mdogo mtu hakumsikiliza. Alimtazama dada yake, anangoja.

"Yalikuwa yameota," Bi Vidole akasema.

"Nalala naye kitanda kimoja. Namwogesha, namlisha. Sikuyaona?" Akaketi pembeni yangu, picha mapajani. "Ni mama gani mimi?"

Makaburini nilikuwepo, hakulia kama alivyolia pale. Bosi akaita mteja aliyefuata, na vidole vikaanza kuandika.