Kwa Sababu ya Swala

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa na shamba nje ya mji, limezungushiwa waya mrefu kuliko mtu, na ndani ya waya alifuga swala. Mimi nilikuwa dereva wake. Bunduki sikuwahi kuishika maishani, na nilimwambia hivyo siku aliponipa ya kwake.

"Baba, mimi sijui."

"Wewe Kenya," akajibu, kana kwamba hilo limemaliza maneno.

Kwa mawazo yake, Mkenya yeyote amekulia katikati ya wanyama. Mimi nimekulia Mombasa, nyuma ya gereji. Wanyama niliowajua ni paka wa jirani na jogoo wa mama, na huyo jogoo nilikuwa nikimkimbia.

Zamani bosi alipiga mwenyewe madume yaliyozeeka. Kisha maradhi yakamharibia mkono wa kulia, hata kikombe cha kahawa kikawa kinamwagika. Ulimi nao ukawa mzito, kwa hiyo kunifundisha hakuweza. Karatasi za bunduki zilikuwa kwa jina lake. Nilikuwa naishika ndani ya waya tu, yeye akiwa ndani ya gari na darubini yake, na kila mara tulipofuata dume alinipa risasi moja.

Nilijifundisha mwenyewe. Niliangalia video kwenye simu, za lugha nisiyoielewa, nikizima sauti na kutazama mabega na vidole vya watu. Nilipiga chupa tupu za maziwa mpaka bega likawa jeusi. Kule sokoni Al-Dirah nilinunua koti kuukuu la rangi ya mchanga. Niliacha sabuni ya kunukia, maana swala walikuwa wananijua kabla hawajaniona. Nilijifunza kuachia vumbi kidogo kutoka kiganjani nione linakwenda wapi. Na jambo la kwanza kabisa nililojifunza ni simu. Siku moja ilitetemeka mfukoni, mara moja tu, na kundi zima likapotelea nyuma ya kilima. Tangu hapo nikawa naizima kabla sijavuka waya.

Ilikuwa imezimwa jioni ile mama aliponipigia.

Nilikuwa nimelala kifudifudi mchangani, magharibi, saa ambayo swala wanashuka kwenye birika lao la maji. Sikupiga kitu siku hiyo. Nilirudi kwenye gari, nikawasha simu, nikaona mama amenitafuta mara tatu, na dada yangu mara nyingi zaidi. Mama alianza kuumwa baada ya alasiri. Isha haikumkuta.

Dada ndiye mkubwa wangu. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Al-Safa, kule Jeddah. Aliniandikia: "Mama alikuwa anakuita wewe. Ulikuwa wapi?"

Nikajibu: "Simu niliizima kwa sababu ya swala."

Sikuongeza neno. Habari za bunduki nilikuwa nimemficha kwa kuwa angeogopa, na saa ile sikukumbuka kwamba nilimficha. Yeye akasoma kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angesoma ujumbe wa saa ya magharibi. Akanitumia sauti yake, analia: "Alhamdulillahi, mdogo wangu. Na mimi nilidhani umeacha kuswali. Kumbe mama alikuita ukiwa umesimama mbele ya Mola wako."

Niliisikiliza mara nyingi, nimekaa nyuma ya usukani. Ningeandika "swala wa bosi" asingekosea. Hiyo "wa" peke yake ingetosha. Lakini alikuwa analia, nami nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa ameshawaambia mashangazi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kuswali kwa muda mrefu.

Mkataba wa dada ulikuwa unakwisha. Angeruka Jumamosi, awahi hitima ya arobaini ya mama. "Nitalisema pale mbele ya watu," aliniambia kwenye simu. "Wajue mama alizaa mtoto wa namna gani." Nikasema, "Dada, kuhusu ile swala," lakini madamu wake akamwita na simu ikakatika. Mara ya pili nilipoanza alilia mpaka nikanyamaza. Nikaona jambo hili halisemeki kwa simu. Ilibidi nimwambie uso kwa uso kabla ya Jumamosi.

Bosi naye alipanga kwenda Jeddah Alhamisi kuwaona wanawe, na mimi ndiye wa kumwendesha. Lakini kulikuwa na dume moja la jicho moja. Lilikuwa limeshamchoma jike mmoja kwa pembe na kumkanyaga mtoto wake. Majike wengine walikuwa karibu kuzaa. Bosi alisema hataliacha shambani akaondoka. Dume kwanza, Jeddah baadaye.

Jumatatu upepo uligeuka, likanisikia harufu likaondoka kwa maringo, halikimbii hata. Jumanne nililiweka kwenye shabaha vizuri kabisa, kidole kimeshaanza kuvuta, nikaona miguu midogo nyuma yake. Mtoto. Risasi ingewapita wote wawili. Nikashusha bunduki, nikarudi garini nikijua nimebakiwa na siku moja.

Jumatano bosi alinishika mkono kabla sijashuka.

"Leo," akasema. "Leo mafi, safari mafi." Yaani leo nikikosa, hakuna safari.

"Nimeelewa, baba."

Nikazima simu. Niliitazama kioo chake kikiwa cheusi, na nilitaka kuiwasha tena. Nikaiweka mfuko wa kifuani. Nilipolala kifudifudi ilinikandamiza mbavuni kama jiwe, na wazo langu likawa moja tu: ni nani ananipigia sasa hivi?

Walikuja majike kwanza. Wakanywa, wakainua vichwa, wakanywa tena. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya kilima. Dume likatokea upande lisikotokea siku zote, upande wa jicho lake zima, na likasimama linanitazama. Sijui kama liliniona. Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Nikiwa hivyo nikakumbuka kwamba nisipotaja jina la Mungu nyama ile si halali, na jina lile nikaona haya kulitaja, mimi niliyesifiwa kwa swala nisiyoiswali. Dume likageuka ubavu. Nyuma yake palikuwa na mchanga mtupu.

"Bismillahi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, nikavuta.

Lilikimbia. Majike walikimbia huku, lenyewe kule, na mimi nikasimama nikijua nimekosa. Kisha nikaona damu kwenye jiwe. Nikaifuata, tone hapa, tone pale, giza linakuja, na kila hatua nilihesabu kwamba nisipolipata litakufa polepole mahali fulani na mimi sitafika Jeddah. Nililikuta nyuma ya kichaka cha miba. Lilikuwa linapumua bado. Nikaligeuza kuelekea kibla, nikatoa kisu. Jicho lile zima lilinitazama mpaka mwisho, na sikujiruhusu kuangalia pembeni.

Bosi alifika akijikongoja kwa fimbo. Akalitazama dume, akanitazama mimi.

"Halas," akasema, yaani imekwisha. "Kwa nini unalia?"

Sikuwa nimejua kuwa nalia. Siku ya mama sikulia.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Njia nzima, tangu Riyadh mpaka Jeddah, bosi akisinzia nyuma, nilipanga maneno. Ijumaa baada ya alasiri madamu wa dada alimpa saa moja. Tukakaa kwenye ngazi ya lango la pembeni.

"Umekonda," akasema. "Hawakupi chakula huko?"

"Wananipa. Juzi nimepewa nyama ya swala." Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamepotea. "Nimempiga mwenyewe. Bosi amenipa bunduki."

"Wewe?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe uliyekuwa unapanda juu ya meza jogoo wa mama akiingia? Swala alikufa kwa risasi au kwa kukucheka?"

"Ni miezi sasa, dada. Jioni zote. Wanakuja kunywa maji magharibi, na simu lazima niizime."

Kicheko kikamwisha taratibu. Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, siku kwa siku.

"Ile siku," akasema.

"Ile siku."

"Kwa sababu ya swala."

"Wa miguu minne, dada."

Alivuta mtandio wake akaukunja mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. Gari likapita. Ndani mtoto wa nyumba akamwita kwa jina, hakuitika.

"Ungeniacha nayo," akasema mwishowe.

"Ungeisema hitimani."

"Ningeisema, ndiyo! Nimekaa humu miaka miwili, mama amekufa sikumwosha, sikumzika. Nina nini cha kumpelekea? Nilikuwa na hiyo tu." Akajifuta uso kwa nguvu. "Kuua swala kwa bunduki umeweza, kusema nusu ya neno ukanyamaza umeweza, leo ndiyo unaniletea ukweli wako."

Alikuwa anasema kweli.

Saa yake ikaisha. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye baibui, akashika lango.

"Nitawaambia ulikuwa kazini. Hilo si uongo?"

"Si uongo."

"Na wakiniuliza kama unaswali?"

"Siswali, dada."

Akatazama juu ya mapaa, mahali jua lilipofika.

"Magharibi haijaingia," akasema. "Bado unaweza kunipa kitu cha kwenda nacho." Akaingia, lango likajifunga.

Msikiti ulikuwa mtaa wa pili. Mlangoni palibandikwa picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Nikaitoa yangu, kidole kikafika kwenye kitufe, kikakataa. Nilichoweza ni kuizima sauti tu. Nikasimama safu ya mwisho, nikaiweka chini mbele yangu, kioo juu, pembeni kidogo ya pale paji la uso linapogusa zulia, ili nikisujudu niione.

Ilikaa kimya rakaa zote tatu.