Hodi kutoka Ndani

Shangazi yangu alianza kwa kusahau Kiarabu. Watu wakisikia habari za mzee aliyepotewa na kumbukumbu hudhani atasahau jina lake au njia ya kwenda chooni. Hayo yalikuja baadaye. Kwake yeye kilichotangulia kuondoka ni lugha aliyoisema zaidi ya miaka thelathini katika nyumba moja ya Doha, alikokwenda kulea watoto wa watu wakati mimi bado nanyonya. Kikamtoka kidogo kidogo, kama rangi ya khanga ya bei rahisi, na chini yake kikabaki Kiswahili cha Tanga, ambacho nyumba ile nzima hakuna aliyekijua.

Mimi nilikuwa dobi katika hoteli moja mjini. Miaka hiyo Doha ilikuwa mashimo na mabati kila upande, wanachimba njia za treni, na basi la kwenda mtaa wa Abu Hamour kwa waajiri wake lilizunguka mpaka nikafika nimeshakasirika. Nilikwenda Ijumaa tu, siku yangu ya mapumziko. Siku nyingine mwenye nyumba alinipigia simu. Alikuwa mwanamume wa makamo, na shangazi ndiye aliyemwogesha na kumlisha tangu ana siku chache. Alimwita mama, na hakuwa anaigiza. Alikuwa akiweka simu kwenye spika na kuniuliza, "Ukhti, dada yangu, anasema nini?"

Basi nikawa mkalimani wa shangazi, kazi ambayo simtakii mtu. Siku moja nikamsikia anasema, "Huyu bwana ni nani? Anaingia chumbani kwangu bila hodi kama zizi la mbuzi. Hana mama huyu?" Na bwana mwenyewe ananingoja kwenye simu. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, "Anasema umekuwa mtu mzima." Akacheka kwa furaha, na nadhani akambusu kichwani, kwa sababu nilimsikia shangazi anapiga ukelele.

Mwezi wa nane, jua la saa sita, mleta maji aliacha geti wazi na shangazi akatoka. Kwenye mkono alikuwa na bangili ya plastiki niliyomvalisha mimi, yenye namba yangu ya simu. Aliyempigia ile namba ni mlinzi mmoja Mkenya kwenye jengo lililokuwa likijengwa mitaa kadhaa kutoka pale. "Sister, niko na shosho wako hapa, huyu mama mzee," akaniambia. "Nimemweka ndani ya kibanda, AC iko on. Ametembea bila viatu, miguu imechomeka vibaya. Anasema anaenda kwao, ni hapo mbele tu."

Nilipofika hospitali ngozi ya nyayo ilikuwa imetoka yote. Alikuwa ananiangalia kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua. "Shikamoo shangazi," nikasema. "Marahaba mwanangu. Wa nani wewe?" Nikamtajia jina la baba yangu, ambaye ni kaka yake. "Ah," akasema, "ataka kuja kunichukua leo." Baba alikuwa amekufa zamani, na shangazi ndiye aliyetuma sanda.

Mwenye nyumba alilia pale kwenye korido, mwanamume mzima na kanzu yake nyeupe, watu wanapita. "Khalas, basi, siwezi," akasema. "Mke wangu anakaribia kujifungua, wafanyakazi hawamwelewi, mimi simwelewi. Siku nyingine atafika barabara kubwa. Wewe ni damu yake. Chagua pa kumweka, nami nitafanya." Alidhani ananipa heshima, na kwa kweli ilikuwa heshima. Lakini nilitamani kumrushia kiti. Kwa miaka yote ile hakuna aliyeniuliza chochote juu ya shangazi, si lini apumzike wala lini aende kwao kusalimia, na siku amekwisha ndipo naulizwa.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja: asije kufia mahali ambapo hakuna mtu wa kumwitikia. Hakuwa na mtoto. Mume aliachana naye kabla hajapanda ndege. Ukimtoa huyo aliyemlea, watu wake walikuwa mimi na mdogo wangu wa kiume kule Tanga.

Nikampigia mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mlete. Ila tuseme ukweli, atakaa na nani? Mke wangu sokoni tangu alfajiri, mimi bandarini, watoto shule. Tutamfungia ndani na kufuli?" Nilimtukana matusi ambayo marehemu baba angenizaba kofi. Halafu akasema taratibu, "Basi njoo naye wewe, dada." Nikakata simu. Wanangu walikuwa wanasoma kwa kazi yangu ya mashuka, na hiyo habari yeye aliijua vizuri kabisa.

Palikuwa pia na makao ya wazee huko nyumbani. Sikuyauliza. Kwetu mtu anayepelekwa huko ni yule asiye na mtu, na ningempeleka watu wangesema, kweli, hakuwa na mtu. Nikaona heri Doha, ambako hakuna wa kutusema. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, sitapamba.

Shangazi alipotoka hospitali, mwenye nyumba akatuzungusha sote wawili kwa gari lake. Nyumba ya kwanza ilikuwa kubwa, imejaa marumaru, na msimamizi wake alituonyesha chemchemi ya maji kabla ya kutuonyesha mgonjwa hata mmoja. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda, nikainua shuka nikanusa. Kazi yangu ni mashuka, sijui kukagua kitu kingine. Lilinukia dawa ya kufulia kali mpaka machozi, na chini ya ile dawa palikuwa na mkojo wa siku nyingi. Sebuleni wazee walikuwa wamepangwa mbele ya televisheni inayofundisha mapishi, sauti imezimwa. Bibi mmoja alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa shela yake mwenyewe, fundo limewekwa mgongoni asilifikie. Mwenye nyumba aliliona fundo lile. Tulitoka bila kumuaga msimamizi.

Ya pili ilikuwa nyumba ya kawaida, kuta za rangi ya mchanga, vyumba vichache. Shuka lilinuka shuka. Nesi mkubwa, mama wa Kihindi mwenye miwani, alimshika shangazi mkono na kumtazama usoni kabla ya kututazama sisi. Kiswahili hawakuwa nacho, lakini Doha yote hiyo ningekipata wapi. Mlango wa nje ulifunguka kwa namba za siri, ukibonyeza kengele mtu anakuja. Nikauangalia mlango ule nikakumbuka nyayo za shangazi, nikafurahi. "Hapa," nikasema.

Juma la kwanza wakanipigia: mama yako hataki kula. Ijumaa nikaenda, nikakaa kwenye korido kumwangalia. Saa ya chakula ilipofika, shangazi alijitengeneza mtandio, akatembea na miguu yake ya bandeji mpaka mlango wa chumba cha kulia, akasimama nje ya kizingiti. "Hodi!" Ndani watu wanakula, vijiko vinagonga sahani. "Hodi hapa!" Hakuna anayejibu. "Hodi wenyewe!" Akangoja kidogo, akageuka, akarudi chumbani kwake na heshima zake zote. Mtu wa Tanga, aliyelelewa, ataingiaje kwenye watu wanaokula bila kukaribishwa? Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijacheka tangu mwezi wa nane.

Nikamwita nesi na kijana mmoja wa Nepali aliyekuwa akipiga deki, nikawafundisha. Akisema hodi, nyinyi mseme karibu. Karibu. Nesi akaliandika kiganjani kwa kalamu. Shangazi akarudi na hodi yake, wote wawili wakamwitikia kwa pamoja, na yeye akang'aa uso, akaingia, akasalimia meza nzima, akala wali wote na samaki akanyonya miiba. Ijumaa iliyofuata nikakuta nyumba nzima inasema karibu. Hata bibi mmoja wa Kiarabu aliyekuwa hasemi na mtu naye akaitikia kutoka kitandani. Shangazi akanenepa mashavu. Mwenye nyumba akanitumia picha yake anatabasamu, nami nikamtumia mdogo wangu, bila neno, ili imchome. Nilijiona nimeshinda.

Halafu hoteli ikapata wageni wengi, nikakosa Ijumaa mbili. Niliporudi nesi akaniambia mama hajambo, anakula, ila sasa ameupenda sana mlango wa nje. "Anazungumza nao," akasema akicheka, "na sisi tunamwitikia, kama ulivyotufundisha."

Nikamkuta hapo. Alikuwa ameuelekea mlango kwa ndani, paji la uso limegusa mbao, mkono kwenye kitasa. Akilini mwake nyumba ya mama yake ilikuwa upande wa pili, na yeye ndiye mgeni aliyefika. "Hodi!" akasema. Nyuma yake, jikoni, sauti ya uchangamfu ikaitika, "Karibu!" Akasukuma. Mlango haukufunguka. Akapangusa mkono kwenye gauni, akasema tena, "Hodi!" Yule kijana akapita na ndoo yake, akasema karibu, kwa upendo kabisa, akaenda zake. Shangazi akasukuma kwa bega. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba na kucha moja imekuwa nyeusi.

"Mwanikaribisha halafu mwanifungia," akaanza kulia. Hakuwa analalamika, alikuwa anauliza. "Siku zote hizi. Nimewakosea nini? Mama, nimekukosea nini wee?"

Nikamshika mabega. Hakugeuka. Mimi hakunitaka, alitaka waliokuwa ndani. Nikakaa sakafuni pale mlangoni. Nilikuwa nimewafundisha neno moja tu kati ya maneno yote ya lugha yetu, na kwa neno hilo walikuwa wanamtesa tangu asubuhi mpaka usiku, na kila mmoja akilisema kwa wema.

Alipolala nikamwendea nesi. Nilijua la kufanya, na ndilo lililonitia uchungu, kwamba nililijua. Kwetu hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu hujajibiwa, wenyewe hawapo, unakwenda zako na moyo mweupe, utakuja siku nyingine. Hakuna aliyekufukuza wala aliyekosewa. Shangazi alikuwa amesahau karibu kila kitu duniani, lakini hilo nilikuwa nimemwona mwenyewe, siku ile ya njaa, bado analo.

"Kwenye chumba cha kulia mwitikieni," nikasema. "Kwenye mlango wa nje mtu asimjibu. Yeyote. Hata akiita vipi."

Nesi akavua miwani. "Nisimjibu? Si ulisema kwenu ni vibaya sana?"

"Ni vibaya sana," nikasema. "Usimjibu."

Ijumaa iliyofuata nilishuka kwenye basi na mfuko wa maembe, nikafika kwenye mlango ule jasho linanitiririka. Kidole kilikuwa tayari kwenye kengele nilipomsikia. Alikuwa upande wa pili wa mbao, karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Hodi."

Alikuwa ameniita mimi, ukitazama vizuri. Katika nchi ile nzima, kwenye mlango ule, mtu pekee wa damu yake aliyekuwa upande aliouita alikuwa mimi. Neno lilinijaa mdomoni. Nikaziba kinywa kwa mtandio.

"Hodi wenyewe."

Ndani kimya. Walikuwa wameshika nilivyowaambia, jikoni hata kijiko hakikugonga. Nikaweka kiganja juu ya mlango, nikaubana mdomo.

"Hodi hapa."

Alisubiri. Alisubiri kwa adabu, kama anavyosubiri mtu aliyetoka mbali, anayewapa wenyewe nafasi ya kuvaa. Kisha nikamsikia anasema peke yake, bila kinyongo, "Hawapo. Wameondoka wote, nitakuja siku nyingine."

Ndara zake zikaanza kuburuzika kurudi ndani. Nikangoja mpaka nisizisikie tena, ndipo nikabonyeza kengele.