Meli ya Ubavu Mmoja

Kaka yangu alikuwa seremala wa melini. Hakuwa mtu wa kuunda meli. Alisafiri nayo, meli ya abiria na mizigo iliyokuwa ikipita bandari za pwani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kila kitu cha mbao kilichoharibika ndani ya chuma kile: milango, vitanda, ngazi, mabenchi ya daraja la tatu. Meli ilipochakaa ikakatwa vyuma chakavu. Yeye akastaafu, akarudi Mzenga kwenye shamba alilotuachia baba, akawa analima mihogo na kupalilia mikorosho pamoja na wifi yangu. Mimi nilikuwa Visiga, nina kibanda cha cherehani kando ya barabara ya Morogoro, na niko hapo mpaka leo.

Mwaka wa pili tangu arudi alianza kuiunda ile meli upya, ndogo, ya kukaa juu ya meza. Hakuwa na mchoro wala picha. Nilipomuuliza ataiundaje bila hata picha, alinishangaa.

"Picha ya nini? Mimi nimelala ndani yake miaka yote ile."

Urefu wa meli hiyo ndogo ulikuwa kama mkono wangu, kuanzia begani hadi ncha ya kidole. Aliuchonga mkuku kwanza, ule uti wa chini, halafu akasimamisha mataruma, yaani mbavu za meli, moja moja, kila moja na umbo lake. Juu ya mbavu hizo ndipo vinapobandikwa vibao vyembamba kimoja baada ya kingine mpaka ubavu mzima, yaani upande mmoja wa meli, ufunikwe. Kila Jumapili nilikuwa nampelekea mfuko wa masalia ya mtiki kutoka kwa mafundi milango wa Mlandizi. Nashuka Mlandizi, naokota masalia, napanda bodaboda mpaka Mzenga, nafika nimejaa vumbi, naamkia, naitikiwa, na kabla sijapewa maji ya kunywa kaka ameshaumwaga mfuko kwenye mkeka na anachambua.

Kazi ile ilinitesa mwanzoni. Mimi ni mtu wa kushona gauni likavaliwa jioni hiyohiyo. Yeye angeweza kutumia siku nzima kwa vibao viwili. Anakilowesha kibao maji ya moto, anakipinda taratibu, anakifunga kamba kikauke, wiki ijayo anakijaribu, anakipiga tupa kidogo, anakijaribu tena. Nikimwambia kimekaa, anatikisa kichwa.

"Kimekaa, lakini hakijatulia."

Anakitupa. Wifi alikuwa akiviokota vile vilivyotupwa na kuwashia jiko, anacheka peke yake kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Mzenga anayepikia mtiki.

Akanifundisha kushika tupa na patasi ndogo. Akanipa na kazi yangu: mashua za kuokolea watu zilikuwa sita, na kila moja ilifunikwa turubai. Nilizishona turubai hizo kwa mkono, kila moja ndogo kama ganda la karanga. Ya kwanza aliirudisha mara tatu.

"Mshono ulikuwa ndani, mdogo wangu. Ukiwa nje, mvua inapitia tundu la sindano."

Ilipokubalika mara ya nne nilifurahi kuliko siku niliyonunua cherehani.

Kisha macho. Alianza kwa kukosa kikombe, anaweka mkono pembeni yake. Wifi alidhani ni uzee, na yeye mwenyewe hakusema. Alipokubali kwenda hospitali alikuwa amechelewa. Walisema ni presha ya macho, kwamba uoni uliopotea haurudi, wakampa dawa ya matone ya kutunza uliobaki. Uliobaki haukutunzika. Ikafika mahali hawezi kunitofautisha na wifi mpaka mmoja wetu aongee.

Meli ikakaa juu ya sanduku miezi mitatu. Nilikuwa naipangusa nikienda. Jumapili moja nikamkuta mkekani, ameipakata, anapitisha dole gumba kwenye mbavu zake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na masalia?"

Sikuwa nayo. Nilishaacha kuyaokota.

"Kayalete," akasema. "Macho ndiyo yenye presha. Vidole havina."

Akaanza tena. Alifanya ubavu wa kulia, ule uliokuwa umefika nusu. Anapima kwa kucha, anakata, anapinda, anabandika. Nilimuuliza kuhusu ubavu wa kushoto. Akasema ule ni tofauti, una mlango wa jikoni na mambo yake mengine, tumalize kwanza huu, atanieleza.

Lazima niseme ukweli: vibao vyake vya wakati ule havikuwa vizuri. Kimoja kinapanda juu ya chenzake, kingine kinaacha mwanya unaopitisha ukucha. Na mwishoni mwa kila kibao, kule nyuma ya meli, kulikuwa na mkato mdogo wa tupa, kama vile mkono umeteleza.

Ikatokea nikaichukua meli nikae nayo Visiga mwezi mmoja, nifunge kamba za milingoti kwa uzi wa cherehani. Nikaiweka kwenye meza kibandani. Wateja wakaipenda, na mimi nikavimba kichwa, nikawaeleza habari za kaka yangu kana kwamba ile meli kubwa ilikuwa yake. Mpaka siku mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alipoizungusha na kuinama.

"Upande huu hapa amefanya mtoto?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilihisi uso unaniwaka. Alipoondoka nilichukua kitambaa, nikakichovya maji ya moto, nikakilaza juu ya kibao kilichopinda zaidi mpaka gundi ikalegea. Nikakibandua. Nikachonga kingine, nikakipiga msasa kikawa laini mpaka mwisho. Kikakaa, na kikatulia. Nilijiambia ninamsaidia. Kesho yake nikabandua kingine.

Nilipomrudishia meli alipitisha mkono ubavuni, akasimama kwenye kibao changu kimojawapo, akarudi nyuma, akapita tena. Akatabasamu. Ni tabasamu ambalo sikuliona tangu macho yalipoanza.

"Unaona? Mkono unajifunza. Hiki nimekitia vizuri kweli."

Nikasema, "Kweli kaka."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza na kuacha. Sikuacha. Kwa muda wa kama mwaka nikawa natafuta sababu ya kuichukua meli, mara kamba, mara rangi, na kila ikirudi Mzenga ilikuwa na kibao kipya au viwili vya kwangu. Yeye akawa anawaambia wenzake msikitini kwamba amepofuka ndipo amekuwa fundi. Watu wakaja kuiona. Alikaa wima kwenye mkeka, anawashikisha mikono, anasema, pitisheni hapa, mnasikia mwanya? Hakuna.

Aligundua Jumapili ya kawaida kabisa. Wifi alikuwa nje anakuna nazi. Kaka alikuwa amemaliza kibao cha mwisho cha ubavu ule, akasema ngoja avihesabu vyote. Akapeleka kidole kule nyuma ya meli, kwenye ncha za vibao, anashuka moja baada ya nyingine. Akasimama. Akaanza upya. Akasimama palepale.

"Mdogo wangu, alama yangu iko wapi?"

"Alama gani?"

"Kila kibao nakipiga tupa mara moja mwishoni. Tangu nipoteze macho. Ili nijue nimefika wapi."

Ile mikato. Nilidhani ni mkono umeteleza, nikaona aibu kwa niaba yake, nikaiondoa pamoja na vibao vyenyewe.

"Umebadilisha vingapi?" akauliza.

"Viwili," nikasema.

Kidole kikaendelea kushuka. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini visivyo na alama, mpaka pale vinapoanza vile vya wakati alipokuwa anaona, nami nimekaa mbele yake nikisikiliza. Vilikuwa kumi na kimoja. Vyote alivyokuwa akivisifu vilikuwa humo.

Nilitarajia ukali. Kaka yangu alikuwa mkali tangu utotoni, na siku ile ningeupokea ukali kwa shukrani. Lakini aliilaza mikono juu ya meli, akasema, "Mimi nilidhani vidole vimejifunza."

Akamwita wifi aje airudishe juu ya sanduku.

Hatukugombana. Niliendelea kwenda kila Jumapili. Tulikula pamoja, aliniulizia wajukuu, tukaongea bei ya korosho na malori ya makontena yanayozidi barabarani tangu kazi zianze bandari kavu ya Kwala. Nilimwomba msamaha mara mbili, na mara zote mbili alisema yameisha. Siku moja nikajipa moyo, nikamwambia tuendelee, bado ubavu wa kushoto.

"Endelea wewe," akasema. "Wewe unaona."

Hakusema kwa kejeli. Ningejua. Na msikitini, wifi aliniambia baadaye, alikuwa ameacha kuitaja.

Masika yaliyofuata alianza kukohoa. Akalazwa, na siku ya tatu akafariki alfajiri, mimi nikiwa bado njiani. Tukamzika Mzenga, karibu na baba. Kwenye arobaini watu wengi waliingia chumbani kuiona meli. Walipitisha mikono kwenye ubavu uliokamilika wakasema, angalia kazi ya kipofu. Wifi alinitazama. Nilitaka kusema, lakini nilishindwa kujua ningemrudishia nini marehemu kwa kusema, na ningemnyang'anya nini. Nikaenda nje kusaidia kuosha masufuria.

Mwaka huu wifi ameniambia niimalizie, kwamba inamsikitisha kuiona na mbavu wazi upande mmoja. Nikamwambia sijui upande ule ulivyokuwa. Nimeulizia. Kisarawe mjini nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kusafiri na meli ile akiwa kijana. Alinipokea vizuri, akasema anachokumbuka ni kutapika tu, na baridi ya chuma mgongoni.

"Mlango wa jikoni je?" nikamuuliza.

"Jikoni sikufika, mama. Mimi nilikuwa daraja la tatu."

Nilirudi Mzenga nikamweleza wifi. Akasema niweke tu vibao kama vya upande wa kulia, nani atajua. Nikamwambia hapana. Hakunisihi. Aliingia ndani akaleta kanga yake moja safi, akaifunika meli, tukaenda shambani kung'oa mihogo kabla jua halijawa kali.