Raba Kumi na Vibati Vyake

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ana miaka ishirini na miwili katika gereji moja, na mwezi uliopita alikuwa afanywe msimamizi wa mafundi. Meneja mwenyewe alimwahidi: "Gari la daktari wa mifugo likitoka salama, mama, cheo ni chako."

Lilikuwa gari refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Bodi ilikuwa nzima, ila chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imeliwa na kutu hadi ungepitisha kidole. Ikanunuliwa nyingine. Kazi ikawa kuivua bodi kutoka chesi ya zamani na kuipandisha juu ya mpya.

Siku mbili Shangazi alilala chali chini ya gari akichomoa nyaya na mabomba. Bolti kumi zinazoshika bodi alizifungua zote bila kukata hata moja kwa moto. Kila bolti ina raba yake, na juu ya raba kuna vibati vyembamba vya kusawazisha: penginepo kimoja, penginepo vitatu, penginepo hakuna. Alivipanga sakafuni kama vilivyokaa garini, kila raba na vibati vyake, akavizungushia chaki.

Kuinua bodi kulihitaji watu wanane. Mafundi wanaume walikuwa saba, Shangazi wa kuelekeza, nikaitwa mimi, niliyekuwa nikishinda pale baada ya kumaliza chuo.

"Msomi, shika huku," fundi wa rangi akanitania. "Hii haiinuki kwa cheti!"

Tukaiinua, tukaiweka juu ya mapipa. Shangazi akaenda dukani kufuata grisi. Hapo ndipo meneja alipopita.

"Takataka gani hizi? Mteja anakuja!"

Akazikusanya raba na vibati kwa kiatu chake, akavimwaga vyote katika karai moja la petroli.

"Bosi, vina mpangilio wake," nikasema.

"Wewe umeajiriwa na nani? Raba ni raba!"

Shangazi aliporudi alilikuta karai. Akaomba siku moja ya kupima upya. Akakataliwa: gari lifungwe leo hii. Bodi ikapandishwa juu ya chesi mpya, naye akafunga kwa kukisia vibati vipi vikae wapi.

Asubuhi mlango wa nyuma ukagoma kufunga, kwa kuwa bodi ilikaa upande. Meneja, mbele ya daktari, bila haya, akasema, "Ndiyo shida ya kumpa mwanamke kazi ya chuma."

Nikafungua mdomo, Shangazi akanikata jicho.

"Wewe si wa hapa, mwanangu. Waseme wenye gereji."

Wenye gereji! Mmoja alikuwa ghafla na spana ya kufuta. Mwingine akakohoa. Wanaume wazima saba, na waliona kila kitu.

Basi Shangazi akalegeza bolti zote, akainua bodi kwa jeki pembe moja baada ya nyingine, akijaribu kibati hiki na kile, hadi jioni mlango ukafunga kwa kusukumwa na kidole kimoja. Daktari alishukuru sana. Shukrani akazipokea meneja. Ijumaa tangazo likabandikwa: msimamizi ni fundi wa rangi, mwenye miaka minne kazini.

"Pole, dada," mafundi wakamwambia.

"Pole ya nini? Mlikuwa saba, na midomo saba."

Jumatatu likaja gari jingine la kuvuliwa bodi. Shangazi akageuza ndoo, akaikalia. Juu ya boneti aliweka barua kwa tajiri mwenye gereji, aliye juu ya meneja, aliyoniomba nimwandikie, ikieleza habari ya karai.

"Aliyeona atie sahihi, tuanze kazi," alisema. "Ambaye hakuona, haya, aivue hiyo bodi mwenyewe."

Meneja alifoka mpaka sauti ikamkauka. Msimamizi mpya akainama chini ya gari, akazitazama zile bolti, akainuka taratibu, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Nipeni kalamu," akasema. "Mimi niliona."

Wale sita wengine, ninapoandika haya, bado wanatafuta miwani.