Jiko la Jokébed na Njia ya Shamba

Mu mutaa wao wa Beni, hakukuwa mwanamuke aliyejua kulinda vitu vya nyumba kama Jokébed. Wamama wengine walimucheka. Walisema kama akikuazima chumvi, anahesabu chembe. Jokébed aliwaacha waseme. Hawakujua kitu kilichokuwa kinamusukuma, na kitu kile hakikuwa choyo. Kilikuwa woga.

Mume wake, Abdias, alikuwa na shamba upande wa Mbau, ndani kidogo ya pori: ndizi, mihogo, na kakao iliyoanza tu kuzaa. Zamani walikuwa wanatoka huko kila juma na vitunga vimejaa, na sokoni walinunua chumvi na samaki, basi. Kisha wauaji wakaingia mu pori lile. Wakakata watu ndani ya mashamba yao wenyewe, watu wa kanisa moja, watu ambao Jokébed aliwatambua kwa kikohozi tu. Tangu hapo kila kitu kinanunuliwa, unga, sombe ya majani ya muhogo, hata makala ya kupikia. Binti yao Rébecca, aliyeolewa Butembo, aliwapigia simu mara nyingi awaombe wahamie kwake. Abdias alikataa. Na kila mara kitu kilipoisha mu nyumba, alisimama mulangoni, akageuza uso upande wa shamba, akasema, "Ndizi zetu ziko zinaozea kule, na mimi niko nakaa hapa sawa mugonjwa."

Jokébed aliogopa siku moja atarudi kule. Akaamua moyoni mwake kama hakuna kitu kitakachoisha tena.

Akakumbuka namna mama yake alivyofanya kule Alimbongo, kwenye baridi, mu miaka ya njaa. Naye akafanya vilevile: maharagi aliyaloweka tangu jioni. Asubuhi aliyachemsha kidogo tu, akashusha chungu na kifuniko chake, akakitia ndani ya kitunga kikubwa chenye majani makavu ya ndizi, akafunga yote na blanketi la zamani. Chungu kilijipika chenyewe bila moto, na muchana maharagi yalikuwa laini kama chakula cha mugonjwa. Vumbi la makala hakulitupa. Alilikanda na udongo na maji, akafinyanga mipira, akaianika juu ya bati. Mafuta ya mawese alinunua bidon nzima, dumu kubwa, pamoja na jirani yake Providence, wakagawanya, kwa maana anayenunua kichupa kila siku analipa bidon mbili bila kujua. Sabuni aliikata vipande na kuiacha ikauke kwanza, isimalizike mu maji. Mboga za lengalenga alipanda ndani ya magunia yaliyotoboka, kando ya ukuta, akayanywesha maji ya kuosha vyombo.

"Mama Rébecca," Providence akamwambia siku moja, akitazama ile mipira nyeusi, "sasa hata vumbi unapika nayo?"

"Ile vumbi, haukuinunua pamoja na makala?"

"Mais wewe! Siku moja utapika na kivuli ya makala."

"Kama kivuli inaivisha maharagi, uniletee yako pia."

Wakacheka. Lakini Jokébed alipocheka, masikio yake yalibaki njiani, yakitafuta sauti ya buti za Abdias.

Sasa, kwetu jiko ni la mwanamuke. Mwanaume anayefunua vyungu, hata watoto watamuimbia. Na mwanamuke mwenye akili anaweka akiba ambayo bwana hajui, kwa ajili ya siku mbaya. Jokébed alikuwa na mifuko miwili ya unga wa muhogo ndani ya pipa, pembeni jikoni, imefunikwa na matambara. Gunia lililosimama mbele ya macho ya wote, aliliacha lishuke mpaka chini kabisa. Aliona kama watu wa nyumba wakiona gunia limeshuka, watakula kwa adabu. Hakufikiri mutu mwingine angelitazama gunia lile namna ingine.

Asubuhi moja akanyoosha mukono kitandani, fasi ya Abdias ilikuwa baridi. Akafikiri ameenda ku maombi ya asubuhi. Kisha akaona mulango wa jiko wazi. Gunia lilikuwa limekung'utwa, limelala chini. Mupanga haukuwa ukutani. Buti hazikuwepo.

Akakimbia kwa Providence bila kitambaa kichwani.

"Papa Rébecca ameenda ku shamba!"

"Haiwezekane. Juu ya nini?"

"Ameona gunia iko tupu."

"Basi kama iko tupu, utafanya je?"

"Iko unga ingine. Nilificha."

Providence akaweka mukono mudomoni. "Nyamuhanga, Mungu wetu! Unga iko mu nyumba, na baba hajue?"

"Na wewe, yako unamuonyeshaka bwana?"

Providence akachukua kitenge chake, wakatoka.

Motari mumoja aliwabeba wote wawili juu ya moto yake, ile pikipiki ya kazi, mpaka bariere ya askari iliyofunga barabara, akaizima. "Bamama, mimi hapana kupita hapa. Ata munipatie ii moto yenyewe."

Askari wa bariere, mutu wa mbali aliyeletwa na kazi, alitikisa kichwa. "Mama, kuvuka te, hapana. Banaume bamoja bamekuja mapema, tukabakataza. Bakazungukia mu majani."

"Moja alikuwa na shati ya kijani?"

"Mama, kulikuwa giza."

Wakaketi kando ya barabara, juu ya jiwe. Jokébed alitaka kuomba, maneno yakakataa kujipanga. Kitu kimoja tu kilizunguka mu kichwa chake: kama Abdias akikatwa leo, atakatwa akitafuta kitu kilichoko ndani ya nyumba yake. Na yeye ndiye aliyekifunika na matambara.

Kisha masasi ya bunduki yakalia. La kwanza lilikuwa sawa mulango unaofungwa kwa hasira. Yaliyofuata hayakufanana na kitu kingine. Askari wakalala chini. Providence akamuvuta mu mufereji, wakabaki humo, mashavu yao yakigusana, kila mumoja akisikia meno ya mwenzake yakigongana.

Watu wakaanza kutoka mu majani wakikimbia. Mwanamuke mumoja alikuwa na beseni tupu kichwani na hakujua kama analo. Muzee mumoja alikuwa na kiatu kimoja. Jokébed akawashika mikono mumoja mumoja. "Umeona Papa Rébecca? Abdias, wa shati ya kijani?" Walijing'oa wakapita.

Alipokuwa hana tena mutu wa kuuliza, Abdias akatokea. Matope yalimufika kifuani. Hakuwa na mupanga wala ndizi.

"Mama Rébecca! Unafanya nini huku? Batakuua!"

"Na wewe je?"

"Nilikata mukungu moja. Nikasikia masasi, nikautupa, nikalala mu muto." Akatazama mikono yake mitupu, machozi yakamutoka mbele ya askari. "Leo tutakula nini?"

Kusema ukweli kulimuogopesha kuliko masasi. Lakini akasema, palepale barabarani.

"Unga iko. Mifuko mbili. Niliweka ndani ya pipa."

Abdias akafuta uso kwa mukono. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi."

Wakarudi wote watatu mpaka nyumbani. Pale, mbele ya Providence, Jokébed akafanya kitu ambacho mama yake hangefanya hata kwa fimbo. Akamuingiza mume wake jikoni, akamufunulia pipa, bidon, sabuni, kitunga cha maharagi, na kila chungu.

"Kumbe hatukuwa na njaa," Abdias akasema pole pole.

"Hapana. Tunaweza kufika mwezi unaokuja."

"Na kisha?"

"Kisha sijue," akasema. Na ilikuwa kweli.

Kesho yake masasi yalisikika tena, mbali. Abdias akasimama mulangoni, uso upande wa shamba. Jokébed akamupa kisu na beseni ya viazi vya Butembo. "Keti. Unisaidie."

Akaketi. Akamenya vibaya sana. Maganda yalianguka manene kama nyama, na wamama waliopita walimucheka, wakamwita bibi-arusi. Nusu ya kila kiazi ilikwenda chini, na Jokébed aliona yote, na ulimi ulimuwasha. Lakini Abdias alipoinua macho tena kutazama njia ya shamba, Jokébed akamusukumia kiazi kingine.